Iliki alivyokubali shingo ya kuku

Babu jirani yetu hapa Bradford amefuga feriti tangu utotoni. Nilipoleta wangu wawili aliniambia kwa upole: "Wape mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ndivyo tulivyowalea sisi." Namheshimu sana mzee yule, ila ushauri ule umeua feriti wengi wa zamani hapa Uingereza. Mnyama huyu ni mla nyama mtupu. Utumbo wake ni mfupi, na chakula hupita ndani ya saa 3 au 4 tu. Nafaka haipati muda wa kumfaa, na maziwa yanamharisha.

Kwa asiyemjua, feriti ni wa ukoo wa kicheche, mwembamba na mrefu. Watu wa huku humwingiza kwenye mashimo ya sungura ili awafurushe. Nilipompigia mama simu Tanga kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kicheche anamaliza banda zima la kuku, nawe unamlaza ndani?" Nikamjibu, "Mama, huyu amefugwa tangu zamani za Warumi." Hakuridhika, ila kila wiki anauliza hali zao.

Dume ni Karafuu, ana kilo 1.4. Jike ni Iliki, gramu 750. Walikuja wakiwa na umri wa miaka miwili, wamelelewa kwa chakula kikavu cha punje ambacho kwenye mfuko kimeandikwa mahindi na njegere karibu na mwanzo wa orodha. Feriti wengi wakizeeka hupata uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari ya damu. Wafugaji wengi wanashuku wanga uliomo kwenye punje kama hizo. Hilo halijathibitishwa, lakini mimi sikutaka kusubiri uthibitisho.

Nilianza kwa kifua cha kuku, kwa kuwa mtu mmoja mwenye feriti sita alinihakikishia kuwa nyama ni nyama. Si kweli. Nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mnyama akila hiyo peke yake kwa miezi, mifupa yake inalainika. Bahati nzuri Karafuu ndiye pekee aliyekula, na kwa siku chache tu.

Iliki hakugusa. Mtu yuleyule akaniambia: "Ondoa punje, njaa itamfundisha." Nikaziondoa asubuhi. Mchana alinusa sahani, akageuka. Jioni alinusa tena, akaifukia kwa taulo kama anavyofukia uchafu. Usiku nilimwekea ini, paja, hata kifaranga mzima wa kugandishwa, wale wanaouzwa kwa wafuga mwewe. Kifaranga alikokotwa na Karafuu hadi nyuma ya kochi. Alfajiri nilimkuta Iliki amelala, macho yamekufa, miguu ya nyuma inaburuzika. Nilimpakia kwenye kikapu, nikaendesha gari huku nalia. Daktari wa wanyama alipima damu: sukari ilikuwa imeporomoka. Akaniambia feriti hashindishwi njaa hata kidogo. Malipo yalipita pauni 100, na hadi leo nikimkumbuka mshauri yule damu inanichemka.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba feriti hujua chakula kwa harufu aliyoizoea miezi yake ya mwanzo. Kwa Iliki, shingo ya kuku ilikuwa kitu tu, kama kiatu. Hakuwa mkaidi. Hakujua kwamba kile ni chakula.

Basi nikampikia mchuzi, na "kupika" ni neno kubwa, maana hakuna moto. Nilisaga punje zake zikawa unga, nikaziloweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka zikawa kama uji mwepesi. Ndani nikatia nyama ya paja iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai tu. Nikauweka uji kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, hadi ukafikia joto la mwili, kwa sababu joto ndilo linaloamsha harufu. Kisha nikamshika Iliki ngozi ya shingo, nikampaka tone la mafuta ya samaki mdomoni. Alilamba mdomo. Nikapaka tone la uji. Akalamba. Tone la tatu alilifuata kidoleni hadi kwenye bakuli, na nilikaa pale sakafuni bila kupumua. Punje kavu zilibaki pembeni muda wote.

Kila baada ya siku tatu niliongeza nyama na kupunguza unga. Wiki ya pili nikaacha kusaga, nikakata kwa mkasi vipande vidogo kama punje ya mchele, halafu kama haragwe. Kinyesi kilikuwa cha kijani siku mbili, kikatulia. Wiki ya sita alivunja mfupa wake wa kwanza. Sauti ile, kruu kruu, niliirekodi nikamtumia mama.

Sasa wawili hawa hula karibu gramu 900 kwa wiki. Ndani yake shingo za kuku ni gramu 250 hivi, kwa kuwa zaidi ya theluthi ya shingo ni mfupa, na nataka mfupa uwe kama sehemu ya kumi ya chakula chote. Ini gramu 45, halizidi, kwa sababu vitamini A ikizidi inadhuru. Figo au bandama kiasi hichohicho. Mioyo ya kuku na ya kondoo haikosekani, ina taurini nyingi, kirutubisho ambacho mla nyama hukipata kwenye nyama. Zilizobaki ni firigisi, paja, na sungura nikimpata asiyepigwa risasi, maana risasi za madini ya risasi ni sumu. Nyama iliyogandishwa ikitoa maji, usiyamwage, taurini imo humo. Mfupa uliopikwa usimpe kamwe, hupasuka na kuwa ncha kali.

Bucha la halali karibu nasi hunipa shingo na mioyo kwa bei ya karibu na bure. Kwa mwezi sifikishi pauni 20.

Kinyesi ndicho kinachonisemesha. Kikiwa cheupe na kinavunjika kama chaki, mfupa umezidi. Kikiwa cheusi na laini, mfupa umepungua au ini limezidi.

Na kagueni nyuma ya makochi. Feriti huficha akiba, na ini la siku nne mwezi Julai halifichiki. Tuna mtoto mdogo, kwa hiyo wanalishwa bafuni juu ya taulo linalofuliwa kila siku, vyombo vyao ni mbali na vyetu, na baada ya saa moja kila kilichobaki nakitupa. Salmonela, bakteria wa nyama mbichi, haichagui.

Jana Karafuu alichelewa kuamka. Iliki alimaliza shingo yake, akachukua na ya Karafuu, akaipeleka ndani ya kiatu changu cha kazini.