Elfu Kumi

Juzi binti yangu amerudi shuleni na agizo la mwalimu: kila mtoto apande mti, alete picha. Akaniuliza, "Baba, nikipeleka picha peke yake itatosha?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Nilimkumbuka Ami.

Ilikuwa Machi 2018, mwezi mmoja tu tangu serikali isimamishe ukataji wa miti. Huku kwetu Lamu marufuku hiyo iliwaangukia wakata boriti za mikoko. Shoka la Ami lilikuwa limelala chini ya kitanda. Kwa hiyo kikundi kimoja cha mazingira kilipokuja kutafuta watu wa kupanda mikoko kwa posho ya siku, tulikwenda wote, Ami na mimi. Mimi mwandiko wangu unasomeka, basi nikapewa daftari la hesabu.

Tulitoka na mashua, maji yakitoa. Mbegu zilikuwa kwenye magunia, zile ndefu za kijani, kama rula za shule zilizochongwa ncha. Mratibu ndiye aliyechagua mahali: uwanda mpana mweupe, mbele ya miti yote, unaotazama bahari kuu. Picha hapo zinatoka vizuri. Ami alishuka, akachimba kidogo kwa kidole gumba cha mguu, akainama akateka kiganja. Maji yakachuruzika katikati ya vidole, kilichobaki kikametameta juani.

"Huu ni mtanga, mwanangu," aliniambia mimi, si mratibu. "Mkoko wataka tope. Hapa hata mlilana haukuthubutu."

Mlilana ndio mti unaotangulia mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi kabla ya wenzake. Mahali uliposhindwa mlilana wenyewe, mtu anayeijua kazi hapandi mkoko.

"Mwambie basi," nikamwambia.

"Kwani ameniuliza?"

Akapanda. Mpiga picha akamwomba aing'oe ile mbegu na kuipanda tena, maana jua lilikuwa nyuma yake. Akaing'oa, akaipanda. Mara ya pili maandishi ya fulana hayakuonekana. Mara ya tatu akaombwa atabasamu, na Ami, mtu ambaye hata harusini huketi na uso wake ule ule, akatoa meno yote. Mbegu ile ilikuwa imeshavunjika ncha. Nilikuja kuiona picha hiyo kwenye kalenda, na maneno chini yake yakisema alikuwa mharibifu, sasa ni mlinzi. Miaka arubaini amekata boriti kwa kuchagua, akiacha miche, na siku aliyoitwa mlinzi ni siku aliyopanda mkoko mchangani.

Jioni daftari langu lilisema 2,640. Mratibu, kijana mpole kabisa, aliyetununulia sambusa kwa pesa zake, akanieleza kwamba wafadhili waliahidiwa elfu kumi, na kwamba tungerudi kumalizia. Nikaandika 10,000. Hakunishika mkono. Kalamu ilikuwa yangu.

Hatukurudi. Kusi ikaingia, na Agosti nilipopita pale na mashua uwanda ulikuwa mweupe vile vile, kaa wakikimbizana.

Ningeweza kuishia hapo na kusema watu hawa wote ni wa kalenda tu. Lakini ni mabango na kamera za namna ile ile tulizobeba kupinga mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasini, huku huku Lamu, wa megawati 1,050. Nami nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Sidhani Nairobi wangetusikia bila wale wanaojua kupanga picha. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likaifuta leseni, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Redio ilipoitaja sababu hiyo, Ami alikuwa kando yangu kwenye baraza ya nyumba, kikombe cha kahawa mkononi.

"Watu hawakuulizwa, eti," akasema, akacheka peke yake. Sikumuuliza anacheka lipi.

Binti yangu alikuwa ameshasimama uani, fulana ya shule imenyooshwa, mche wa mwarobaini kifuani. "Baba, jua lisiwe nyuma yangu."

Nikapiga. Mche ulikuwa bado umo ndani ya kopo.