IST yangu sasa inatumia gesi

Wadau mliokuwa mnaniuliza inbox kuhusu kufunga gesi kwenye gari, haya. Nimefunga mfumo wa CNG, yaani gesi asilia iliyogandamizwa, kwenye Toyota IST yangu hapa Dar, petroli nabakiza ya kuwashia na ya akiba tu. Asubuhi gari linawaka kwa petroli, injini ikishapata moto linahamia lenyewe kwenye gesi. Unaona tu vitaa vya kijani karibu na usukani. Mlimani nguvu inapungua kidogo, hasa ukiwasha AC, lakini kwa foleni za Barabara ya Mandela nani anakimbia?

Gesi ni yetu wenyewe, ya Songo Songo kule Kilwa, inauzwa kwa kilo, na gharama yangu imeshuka karibu nusu. Kinachoniudhi ni foleni ya kujaza. Umebanwa katikati ya bajaji na teksi za mtandao, mara presha ya gesi kituoni inashuka, wote mnazima injini mnasubiri. Na buti ndiyo basi tena, mtungi umelimaliza. Shemeji yenu akitoka sokoni, gunia la mchele linapanda siti ya nyuma kama abiria.

Mkienda kufunga, daini cheti cha mtungi. Gesi hii inajazwa kwa mgandamizo wa takriban bar 200, msikubali vya kuungaunga.