Siku moja maishani mwangu: rangi za mafuta, mtaani Umoja, Nairobi

Watu wakisikia mimi ni mchoraji, hudhani nangoja hamu inijie ndipo nishike brashi. Saa 11 na nusu alfajiri niko macho, hamu iwepo isiwepo. Nanywa chai ya rangi, nafungua dirisha, nafuta meza.

Saa 12 na nusu mwangaza unafika mezani. Kila asubuhi, kabla ya kazi ya mteja yeyote, nachora picha moja ndogo ya kitu cha jikoni. Leo ni kitunguu. Kitunguu chekundu ukikitazama sawasawa hakina wekundu mwingi: shingoni ganda limekauka likawa kahawia, ubavuni ni zambarau, na pale mwanga unapopenya ganda lililobanduka ni waridi. Waridi hiyo imenila muda mrefu kuliko kitunguu chote.

Saa 3 naanza maandalizi, na hii ndiyo kazi isiyoonekana. Turubai za kuchorea za dukani ni ghali, kwa hivyo najitengenezea. Amerikani, kitambaa cha pamba, ya Biashara Street naifua kwanza ipungue yote inayotaka kupungua. Mbao za fremu natoa soko la Gikomba. Misumari huanzia katikati ya kila upande, mmoja huku, mmoja ng'ambo, kuelekea pembeni. Ukianzia pembeni kitambaa kinapinda. Kisha gundi, maana mafuta ya kitani yaliyo ndani ya rangi yakigusa pamba tupu huiozesha polepole. Halafu jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, kisha msasa, jeso tena, msasa tena.

Bado nina vumbi jeupe kwenye nyusi, mlango unabishwa. Ni mama aliyeagiza sura ya marehemu babake, amekuja na nduguye.

"Kijana wangu, tumekuja kuichukua."

Tulikubaliana mwisho wa mwezi. "Mama, haijakauka."

"Si uianike juani?"

Nikamkalisha, nikamweleza. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, kwa sababu hakuna maji ya kutoka. Mafuta yenyewe huvuta oksijeni hewani mpaka yagande. Rangi za udongo wa kahawia huwahi. Nyeupe niliyoipaka nene kwenye kola ya mzee huchukua muda, na Julai hii ya baridi na mawingu ndiyo imezidi. Vanishi ya kawaida nayo husubiri hata miezi 6.

Ndugu akasema wako vijana mjini wanaomaliza picha kwa siku moja. Ni kweli, wengi wao kwa akriliki, rangi ya maji inayokauka upesi, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Mama yeye alitaka mafuta, na mafuta yana saa yake.

Nikiwa bado naeleza, mama akanyosha kidole ajionee, akabonyeza shavu la babake.

Nilikufa ganzi. Kidole kilizama, kikaacha hata mistari ya ngozi yake. Shavu lile nililipitia asubuhi kadhaa, tabaka juu ya tabaka. Mama alitazama kidole chake, akatazama picha, macho yakamjaa machozi. "Kumbe ni kweli." Nikamfuta kidole kwa kitambaa, nikamwambia shavu la mzee litarudi. Ndipo nduguye akauliza kama bei itapungua, maana si ni kitambaa na rangi tu. Nilimwonyesha fremu zilizoegemezwa ukutani na tyubu zilizokamuliwa mpaka shingoni. Sikupunguza.

Walipoondoka, chakula cha mchana kilinipita. Kazi ilikuwa shavu: kukwangua kwa kisu, kuchanganya upya rangi ya ngozi, kulainisha ukingo usionekane. Mgongo ulianza kuuma, nikaendelea hadi mwangaza ukaisha, kwa sababu taa ya stima hunidanganya rangi.

Brashi nimezisugua kwa sabuni ya kipande kiganjani mpaka povu likatoka jeupe. Vitambaa vya mafuta navitandaza nje kwenye waya kimoja kimoja. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto, na nyumba hii ina watoto juu na chini.

Usiku ndugu ametuma ujumbe: nipunguze hata elfu moja. Nimemjibu bei ni ile ile, wasubiri mwisho wa mwezi, na wasije na bodaboda.