Pedi ya Pili

Kila ninaponunua mchezo mpya wa video, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 huuliza swali moja kabla hata hajatazama picha za jaladani: "Mjomba, huu tunacheza wawili?" Nikimjibu kwamba ni wa mtu mmoja, hukaa nami dakika chache kwa heshima, kisha huondoka. Watu wengi wanaojadili sehemu ya wachezaji wengi, yaani ile inayowaruhusu watu wawili au zaidi kucheza pamoja, hutaka kujua tu ni wangapi wanaoihitaji na ni wangapi wasioijali. Mimi ninaamini kwamba sehemu hiyo ni muhimu sana, ila kampuni nyingi zimekuwa zikiutafuta umuhimu wake mahali usipokuwepo.

Nilikulia Tanga, na mchezo wa kwanza niliouzoea ulikuwa Winning Eleven, wa mpira wa miguu, katika banda la gemu lenye televisheni nne na mashine za PlayStation 2. Tulilipa kwa mechi. Aliyefungwa alinyanyuka na kumpisha anayefuata, na waliosubiri zamu walisimama nyuma ya benchi wakiikosoa kila pasi. Kwetu sisi mchezo ulikuwa jambo la watu wawili wenye pedi mbili, yaani vidhibiti vya kushika mkononi, na kucheza dhidi ya mashine yalikuwa mazoezi tu ya yule aliyewahi kufika kabla wenzake hawajatoka shule. Mpaka leo ninawakumbuka vijana ambao sikuwahi kujua majina yao kamili, lakini nilijua kwamba mmoja hupenda kupitisha mpira winga ya kulia na mwingine hawezi kuvumilia akitanguliwa kufungwa.

Baadaye nilianza kupenda michezo ya hadithi, na huko ndiko nilikokutana na sehemu za wachezaji wengi zilizobandikwa bila sababu. Tomb Raider ya mwaka 2013 ilikuwa nayo, ingawa uzuri wote wa mchezo ule ulikuwa katika safari ya mhusika wake mkuu, Lara Croft, akiwa peke yake kisiwani. Spec Ops: The Line, mchezo wa vita wa mwaka 2012, ndiyo mfano ulio wazi zaidi: kiongozi wa ubunifu wake, Cory Davis, alieleza hadharani kwamba sehemu hiyo iliwekwa kwa sababu mchapishaji, yaani kampuni iliyoutoa mchezo sokoni, aliitaka, na kwamba haikupaswa kuwepo kabisa. Hadithi inayomlazimisha mchezaji kuutafakari ukatili anaoutenda haiwezi kukaa pamoja na mashindano ya kuhesabu waliouawa.

Ningeweza kuhitimisha kwamba kinachoongezwa mwishoni huharibika, lakini GoldenEye 007, mchezo wa kufyatuliana risasi wa mashine ya Nintendo 64, inanikatalia. Sehemu yake ya wachezaji wanne, wanaogawana skrini moja, ilitengenezwa na Steve Ellis katika miezi ya mwisho kabla ya mchezo kutoka mwaka 1997, na ndiyo ambayo wengi waliocheza wakati ule wanaikumbuka kuliko kitu kingine chochote. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba watu wanne walikaa chumba kimoja, bega kwa bega, na aliyechungulia robo ya skrini ya mwenzake alikemewa papo hapo.

Sisemi kwamba kucheza mtandaoni hakuna thamani. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na usiku wa Ijumaa tunapocheza mechi mbili za mpira huku tukizungumza, habari za nyumbani hutoka kwa wepesi ambao simu ya kawaida haiuleti. Hata hivyo mechi hiyo inategemea bando langu, ada ya kila mwezi, na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazouendesha mchezo mtandaoni, ambazo haziko mikononi mwetu. Seva za Halo 2, mchezo wa kufyatuliana risasi, kwenye Xbox ya kwanza zilizimwa mwaka 2010. The Crew, mchezo wa mbio za magari, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa mchezo wote ulitegemea seva, hata aliyekuwa na diski yake halali alibaki bila kitu cha kucheza.

Ndiyo maana ninasikitika kuona pedi ya pili ikisahauliwa. Halo, mfululizo uliopendwa na marafiki waliogawana skrini, ulifika Halo Infinite, na mwaka 2022 watengenezaji wakatangaza kuachana na mpango wa kuwawezesha wachezaji kuicheza hadithi yake pamoja kwenye mashine moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, It Takes Two, mchezo usiochezeka bila watu wawili, ulishinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Na anayetaka kuucheza na rafiki aliye mbali hununua nakala moja tu kwa ajili ya wote wawili.

Jumamosi iliyopita nilitoa kabatini PlayStation 2 yangu na diski ya Pro Evolution Soccer 6, ya mwaka 2006. Iliwaka bila kuuliza nenosiri wala kupakua chochote. Kitufe kimoja cha pedi ya pili kimelegea, na mpwa wangu alikilalamikia mara tatu, hasa baada ya kufungwa. Siku iliyofuata alirudi na rafiki yake, nikawaachia pedi zote mbili.