Mwalimu katika sura ya tatu

Milango ya treni ilikuwa imeshafungwa ndipo nilipokumbuka kitabu. Nimesimama jukwaani, mfuko wa vitunguu mkono huu, mwavuli mkono ule, nakitazama kiti changu kikinipita dirishani, na juu ya kiti kitu kidogo cha kahawia. Ilikuwa Novemba 2017, mwaka wangu wa pili Tokyo.

Bei haikuniuma. Yeni 700 na ushee, chakula cha mchana cha siku moja. Kilichonitoa jasho kwenye baridi ile ni aina ya kitabu chenyewe. Kilikuwa BL.

Kwa asiyejua, herufi hizo ni kifupi cha "Boys' Love", katuni za mapenzi ya wanaume wawili, na kwa sehemu kubwa wanaozichora ni wanawake na wanaozisoma ni wanawake. Wajapani hutamka herufi hizo "bii-eru". Nilipozisikia bwenini mara ya kwanza nilidhani wenzangu wanapanga kwenda kunywa bia, nikawaambia mimi situmii. Walinicheka wiki nzima.

Aliyenitia humo ni jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa Thailand. Jumapili moja alinichukua mpaka Ikebukuro, kwenye mtaa uitwao Otome Road, kando ya Sunshine City. Otome ni mwanamwali, kwa hiyo uite Barabara ya Mwali. Nilitegemea kukuta watoto wa shule wakipiga kelele. Nilikuta wanawake wazima na mikoba yao ya ofisini, kimya, kila mmoja na kikapu. Mmoja wa rika la mama yangu alikuwa akipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu kama mtu anayechagua kitenge sokoni, anavuta, anaguna, anarudisha.

Rika lile lilinishangaza, kumbe mambo haya ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wachoraji wawili vijana, Moto Hagio na Keiko Takemiya, walikuwa wamepanga nyumba moja huko Oizumi, wilaya ya Nerima, si mbali na Ikebukuro. Katuni zao za wavulana wa shule za bweni za Ulaya ndizo zilizofungua njia. Mwaka 1978 likatoka jarida zima la mambo hayo, lililokuja kuitwa June. Msichana aliyelinunua akiwa na miaka 15, siku zile za mkasa wangu alikuwa na 54. Huenda ndiye huyo aliyekuwa akiguna.

Kusoma kutoka kulia kwenda kushoto hakukunisumbua hata kidogo. Wenzangu wa Ulaya waliupindua ukurasa kinyume kwa miezi. Mimi nilianza na juzuu chuoni Tanga kabla sijajua a, e, i, o, u. Mkono wangu ulienda wenyewe. Kilichonisumbua ni lugha, nayo nilijifunzia humohumo. Hadithi nyingi ni za maofisini, basi nikajua "kazi ya ziada", "ripoti ya mwezi" na "naomba radhi kwa kuchelewa" kabla mwalimu wa darasani hajafika huko.

Na kwa nini nilinogewa? Hadithi za mapenzi nilizokulia, za magazetini na za barazani kwa shangazi, zote zina binti, na binti ndiye anayelipa. Ndiye anayepata mimba, ndiye anayefukuzwa shule, ndiye anayeambiwa amejitakia. Nilikuwa namhofia tangu mstari wa kwanza. Humu binti hayumo. Wanaume wawili wanahangaika wenyewe, wanalia wenyewe, nami nimejikalia pembeni na chai yangu, sina wa kumwogopea.

Sisemi zote nzuri. Nyingi ni upuuzi: mmoja mrefu mkali, mwenziwe mfupi wa haya, na viganja vimechorwa vikubwa kama makafi ya ngalawa. Wenyewe walishajicheka zamani. Neno yaoi, jina jingine la katuni hizi, wamelifupisha kutoka maneno matatu: hakuna kilele, hakuna tamati, hakuna maana. Na wasomaji wa kike hujiita fujoshi, neno la kawaida la kuwataja wanawake, ila wamebadilisha herufi moja ya mwandiko wao likawa "wasichana waliooza". Hilo nililipenda mno. Kwetu kuoza unatangaziwa na majirani, hawa wamejiwahi.

Mama alikuwa akinipigia kila Ijumaa. "Unasoma, mwanangu?" "Nasoma, mama." "Soma, mama, soma sana." Nilikuwa Tokyo kwa uhandisi wa maji, lakini katika mazungumzo yale sikumdanganya hata mara moja.

Nirudi jukwaani. Kitabu kile ningekisamehe kiende, lakini ndani yake kulikuwa na noti ya shilingi 1,000, ile ya buluu yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Bibi yangu alinikunjia kiganjani siku ninaondoka, akasema ya kununua maji njiani. Kwa mwaka mzima na zaidi ndiyo ilikuwa alama yangu ya kurasa. Mwalimu alikuwa amepita ofisi nyingi za Tokyo, na mapenzi mengi, mpaka siku hiyo nilipomwacha mwanzoni mwa sura ya tatu, baina ya mhasibu na mhasibu mwenzake.

Mlinda geti wa stesheni alinihoji kama daktari: behewa la ngapi, mlango wa ngapi, kiti upande gani. Akapiga simu. Kesho yake nikaambiwa viko vitabu vimeokotwa, niende ofisi ya vitu vilivyopotea, stesheni ya mwisho wa laini. Nilikuwa na maabara kutwa, nikaenda Alhamisi.

Kilikuwa chumba kidogo, meza ndefu mbele, nyuma yake rafu za miavuli isiyohesabika. Kwenye kompyuta kwa ndani alikaa binti mfanyakazi wa hapo, mdogo kuliko mimi. Aliyenipokea alikuwa baba wa miaka kama 60, kofia imekaa sawasawa, penseli imechongwa mpaka inatisha.

"Mteja wetu, pole kwa usumbufu. Kitabu cha namna gani?"

"Cha katuni."

"Jalada lake?"

"Limefunikwa karatasi ya dukani. Ya kahawia."

Hapa ni lazima nieleze. Ukinunua kitabu Japani, mara nyingi muuzaji atakuuliza kama akifunike. Ukikubali, anachukua karatasi, anaikunja juu na chini, anaingiza jalada kwenye zile pembe, na kwa nukta chache kitabu chako hakijulikani tena kama ni cha dini au cha upishi. Mimi siku zote nilikubali. Bibi angesema watu wa huku wanajua sitara.

Baba yule akaingia ndani, akatoka na sinia. Juu yake vitabu vitatu, ukubwa mmoja, vyote vimevaa karatasi ya kahawia.

"Jina la kitabu, tafadhali."

Jina lilikuwa refu kama treni lenyewe. Lilikuwa na "bosi", lilikuwa na "mvua", na mwishoni kabisa lilikuwa na "kitanda". Nililitaja chinichini, nikiangalia miavuli. Na kwa kuwa utaratibu wao ni kurudia alichosema mteja ili kuhakikisha, alilirudia lote, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya kutangaza kwamba treni inaingia jukwaa namba mbili. Nyuma yangu kwenye foleni palikuwa na mzee aliyekuja kufuata fimbo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha kupunguza uzito. Cha pili, riwaya ya polisi. Cha tatu alikifungua ukurasa wa jina, akasoma, akaafiki kwa kichwa.

"Kuna alama nyingine yoyote ndani?"

"Kuna noti ya fedha ya kwetu. Mwanzo wa sura ya tatu."

Akalamba kidole, akaanza kupindua. Sura ya kwanza, sura ya pili. Humo nilijua kila kinachokuja na nilihesabu kurasa kama mtu anayengoja sindano. Sura ya tatu. Noti haipo. Akaendelea. Tukaingia sura ya nne, ambayo nilikuwa sijaifikia, na hivyo ndivyo nilivyojua, juu chini, mbele ya mtumishi wa reli, kwamba wale wahasibu hatimaye walibusiana. Wamebusiana ukurasa mzima, hakuna hata dirisha la katuni la kupumulia. Nikatazama dari. Yeye uso wake haukusogea. Akapindua. Sura ya tano. Tulikuwa karibu na mwisho alipomkuta Mwalimu, ametulia, macho mbele.

"Ni huyu?"

"Ni huyu. Rais wetu wa kwanza."

Akainamisha kichwa kidogo. Kwangu au kwa noti, sijui.

"Mteja wetu alisema sura ya tatu," akanena, bila ubishi wowote, penseli imesimama juu ya fomu.

Vidole vilivyokuwa vikigonga kibodi kule ndani vikanyamaza. Nikatupa jicho. Yule binti alikuwa ameikazia kompyuta yake macho kana kwamba inatoa matokeo ya mtihani, na masikio yake yalikuwa yamemwiva kama pilipili hoho.

"Labda nilikosea," nikasema. "Huwa nasahau ninapofikia."

Penseli ikashuka. Nikaonyesha kadi yangu ya ukaazi, nikatia saini mahali pawili. Kabla ya kunipa kitabu, baba yule aliona pembe moja ya karatasi imechomoka, akaikunja upya, taratibu, akaibana kwa ukucha, ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili. Kule ndani kibodi ilikuwa imeanza tena, kwa kasi mno.

Nilikaa kwenye benchi la jukwaani kungoja treni ya kurudi, nikafungua pale Mwalimu alipokuwa amehamishiwa. Mmoja wa wahasibu yuko stesheni na sanduku la safari, mwenzake anapanda ngazi mbio, hajulikani kama atamwahi. Nikahesabu zilizobaki. Kurasa 12 tu. Nikajuta kwamba sikungoja mpaka Ijumaa.