Siku moja maishani mwangu: nikigonga ribiti Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nashuka matatu Kibuye, glavu na koleo zikiwa begini. Sisi mafundi wanne tumeshikwa na wazimu wa kuiunda upya SS William Mackinnon, stima iliyoshushwa ziwani hapa mwaka 1900, Kisumu ikiitwa Port Florence. Ndoto yetu ni iwe meli ya makumbusho ya taifa. Kwa sasa tuna mabamba mawili ya chuma ya majaribio, ya mita 2 kila moja. Ukimwambia mtu unaunda stima, anauliza kama siku hizi unavuta waya za umeme. Amesahau kwamba neno hilo lilikuwa la meli kabla halijapanda nguzo.

Saa mbili Mzee anafika. Ujanani aligonga ribiti bandarini, ile misumari minene ya chuma inayofunga bamba kwa bamba; mimi ni wa kuchomelea tu. Nilishauri tuchomelee, kisha tubandike vichwa vya ribiti vya urembo. Alinitazama kama niliyempa ugali mbichi.

Saa tatu aibu inaanza. Ribiti ya kwanza haiingii. Matundu yamepishana, si sana, milimita 2 hivi, lakini chuma hakina huruma.

“Nyathina (mwanangu), ulitoboa kila bamba kivyake?”

“Ndiyo, Mzee. Nilipima vizuri.”

Anaketi juu ya pipa. Ile stima, anasema, ilikatwa na kutobolewa Uskoti, ikaunganishwa nzima kwa bolti tupu, ikapigwa namba kipande kwa kipande, ndipo ikafunguliwa na kupakiwa melini hadi Mombasa. Reli ilifika hapa Desemba 1901, kwa hiyo pale reli ilipoishia, wapagazi walijitwika. Kisa hiki nilikijua. Nilikisimulia hata kwa wageni. Sikuwahi kukisikia kama maagizo ya kutoboa. Tundu lililopishana ungelirekebisha wapi, porini, kiwanda kikiwa ng’ambo ya bahari?

(Mackinnon mwenyewe, aliyepewa heshima ya jina la stima, alifariki 1893, asiione. Waliobeba mabamba yake kichwani, majina yao hayakupewa hata boya.)

Tunaleta mabamba mengine, tunayabana pamoja, tunatoboa yote mawili kwa pigo moja. Saa sita, omena na ugali. Saa saba na robo stima inapotea, namaanisha ya waya, tukiwa tumebakiza matundu mawili. Tunangoja saa nzima. Inaporudi, namaliza kutoboa. Kwenye jiko la kupashia ribiti nimeshahamia mvukuto wa mkono, sitaki kukatiwa stima tena.

Saa tisa ndiyo saa niliyoamkia. Kijana anavuta ribiti motoni ikiwa rangi ya chungwa bivu, anairusha, naidaka kwa koleo, naitumbukiza tunduni. Mzee anashikilia kichwa cha ribiti kwa nyundo nzito upande wa nyuma. Mimi nagonga mkia mpaka ulale. Una sekunde chache tu. Ikipoa inafupika na kuyavuta mabamba mpaka yabanane, ukisikiliza unasikia mlio mdogo. Kwenye kuchomelea nimezoea joto lipinde chuma changu. Leo joto lenyewe linanikazia kazi.

Saa kumi na moja Mzee anapita na nyundo ndogo, akigonga kila kichwa na kusikiliza. Tumepiga 11. Tisa zinalia safi, zimekaza. Mbili zinatetemeka chini ya kidole chake. Anazitia alama ya chaki, zikatwe kesho, kisha anaandika juu ya bamba la kushoto: 1.