Canon EOS 300 mikononi mwetu, Moshi na Arusha

Katika kundi letu dogo la watu wanaoendelea kupiga picha za mkanda hapa Moshi na kule Arusha, kamera ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni Canon EOS 300. Ni kamera ya plastiki, inayoweka fokasi yenyewe, iliyotoka mwaka 1999 kwa ajili ya watu wasioishi kwa kazi ya picha. Marekani iliuzwa kwa jina la EOS Rebel 2000 na Japani kwa jina la EOS Kiss III, kwa hiyo ukiona mojawapo ya majina hayo kwenye tangazo la mtumba, ujue ni kamera ile ile. Naitumia, naipenda, na nimewauliza wenzangu wanaoimiliki wanaionaje. Tunakubaliana katika mengi, ila tunapishana katika jambo ambalo kwangu ndilo la msingi, nalo ni namna kamera hii inavyopima mwanga inapouelekea uso wa mtu mweusi chini ya jua letu.

Nianze na uzito, kwa sababu ndiyo sifa ambayo kila mmiliki huitaja kwanza. Bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, ina gramu 335, na ukiifunga lenzi ya EF 50mm f/1.8 II yenye gramu 130, bado haifikii nusu kilo kabla ya kuweka betri na mkanda. Kwa anayepanda Mlima Kilimanjaro na wageni kupitia Marangu, ambako kila gramu mgongoni ina hesabu yake, hilo ni jambo kubwa. Kiongozi mmoja wa wapanda mlima ninayefahamiana naye aliacha kamera yake ya chuma nyumbani kwa sababu hiyo tu, na sijamsikia akijuta.

Sifa ya pili inawagusa wote wanaokumbuka uchungu wa kuambiwa studioni kwamba picha zimeungua. Unafungua mfuniko wa nyuma, unalaza mkanda mahali pake, unavuta ncha mpaka kwenye alama, kisha unafunga. Hapo mota inanguruma kwa sauti ya chini na kuuvuta mkanda wote nje ya kopo lake, na namba zinaanza kuhesabika kwa kurudi nyuma, kutoka 36 kushuka. Kila picha unayopiga inarudishwa ndani ya kopo papo hapo. Mtoto akifungua mfuniko katikati ya sherehe, zitakazoungua ni nafasi ambazo bado hazijapigwa, na zile za baba kumkabidhi binti yake zitakuwa salama gizani. Wanaosafisha mikanda ya nyeusi na nyeupe nyumbani wakumbuke tu kwamba mwishoni mkanda huingia kopo zima, bila ncha kubaki nje, hivyo kopo itabidi lifunguliwe gizani.

Sasa suala la mwanga. EOS 300 huigawa picha katika maeneo 35, hupima kila eneo, kisha huamua yenyewe. Kwa mandhari ya kawaida uamuzi wake ni wa kuaminika kabisa. Lakini msimamishe shangazi yako mbele ya ukuta mweupe wa kanisa saa saba mchana, au mbele ya anga iliyojaa mawingu meupe, na mwangaza wa nyuma utaishawishi kamera ipunguze mwanga. Ukuta utapendeza, na uso wa shangazi utabaki kivuli. Katika negativu, yaani mkanda uliosafishwa, sehemu hiyo hutoka nyepesi mno, na kisichoandikwa kwenye mkanda hakuna fundi wa maabara anayeweza kukirudisha.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa sekondari, anashikilia kwamba mtu asiyepiga picha kwa kazi aache kamera kwenye kisanduku cha kijani, yaani hali ya kujiendesha yenyewe kabisa, maana ndiyo iliyolengwa kwa watu kama sisi. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Katika kisanduku cha kijani huwezi kuifahamisha kamera kwamba kilicho muhimu ni uso. Ukigeuza gurudumu hadi P, kamera inaendelea kuchagua kila kitu, ila unapata kitufe chenye alama ya nyota, mahali kidole gumba kinapofika. Unaweka katikati ya dirisha la kuchungulia juu ya uso, unabonyeza nyota, nayo kamera inapima eneo dogo la katikati tu, takriban asilimia 9.5 ya dirisha, na kukishikilia kipimo hicho wakati unapanga picha upya. Kwa kuwa kipimo hujaribu kuufanya uso wowote uwe na wangavu wa wastani, mtu mweusi sana ataongezewa mwanga kidogo kupita hali halisi. Mkanda wa negativu hauoni tatizo katika hilo, kwani huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Dada mmoja anayepiga picha za kipaimara Arusha ana njia nyingine, nami naiona ya busara. Huweka mkanda wa ASA 200 (ASA ni namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga), kisha huiambia kamera kwamba ni ASA 100, na kila picha hupata stopu moja zaidi, yaani mwanga mara mbili, bila yeye kugusa kitufe kingine mpaka mkanda uishe.

Kuhusu flashi, wengi hutegemea ile ndogo ya juu iwaokoe kwenye jua la mchana, na hesabu inakataa. Kwa kutumia flashi, shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye mkanda, haivuki kasi ya 1/90 ya sekunde. Kwenye jua kali, mkanda wa ASA 200 kwa kasi hiyo unahitaji karibu f/22, yaani tundu la lenzi lililobanwa sana, na flashi yenye namba ya nguvu 12 hapo haifiki hata mita moja. Msogeze mtu chini ya mwembe. Ndani ya nyumba, kwa watu walioketi karibu, flashi hiyo inafanya kazi yake vizuri.

Fokasi ina pointi saba, nayo ni ya haraka mchana. Kanga yenye maandishi na maua inakamatwa mara moja, ila suti nyeusi kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, au ukungu wa msituni, huifanya lenzi iende mbele na kurudi bila kutulia. Kwa sababu kamera hii hutafuta mistari na tofauti za mwanga, elekeza pointi kwenye ukingo wa kola, au peleka swichi ya lenzi kwenye MF, uweke fokasi kwa mkono. Wanaopiga Kilimanjaro Marathon wachague alama ya mkimbiaji kwenye gurudumu, kwani huko ndiko kamera inakomfuata mtu anayesogea bila kusita.

Dirisha la kuchungulia ni dogo na halionyeshi picha yote, nalo ni jambo la kuzoea. Betri ni mbili za CR2, ambazo hazipatikani kila duka, na bila betri kamera haifanyi lolote. Kwa hiyo anayekwenda mlimani abebe jozi ya akiba mfukoni, karibu na mwili, ili baridi isizidhoofishe.

Kwa anayetaka kununua ya mtumba, aende na betri zake, afungue mfuniko wa nyuma, atazame mapazia ya shata yasiwe na mikunjo wala mafuta, kisha abonyeze akiwa ameelekeza kamera kwenye mwanga, aone kama yanafunguka. Kama tayari ana Canon ya dijitali, lenzi zake za EF zitaingia bila shida, kwani mdomo huo, yaani sehemu ya kufungia lenzi, haujabadilika tangu 1987. Zile za EF-S, zilizotengenezwa kwa baadhi ya kamera za dijitali tu, hazikubali, na asizilazimishe.